Mfumo Umegoma: Dalili, Chanzo na Dawa

Meseji huja hivi: "Kaka, mfumo umegoma tena." Basi. Hakuna picha, hakuna saa, hakuna jina la aliyekuwa kwenye kompyuta. Aliyeandika hana kosa. Kazi yake ni kuuza saruji Ngamiani au kukata tiketi stendi ya Kange, siyo kuchunguza programu. Kumhoji ni kazi yako, na maswali matatu yanatosha kuanzia: nani alikuwa anatumia, ilikuwa saa ngapi, na skrini iliandika nini kabla hajaifunga. Kwa swali la tatu omba picha, hata iliyopigwa upande. Mtu akisimulia ujumbe wa hitilafu kwa maneno yake huruka hasa lile neno unalolitafuta.

Mwongozo huu ni kwa wanaotengeneza na kutunza mifumo ya wafanyabiashara wa Tanga na wilaya zake: maduka, vyama vya akiba, mabasi, wanunuzi wa machungwa Muheza, ofisi za mashamba ya mkonge. Hitilafu nyingi zilizomo humu hukaa pale data inapovuka: kutoka kinywani mwa mtu kuingia kwenye fomu, kutoka simu kwenda seva, kutoka Windows kwenda Linux. Hesabu za katikati ya msimbo mara nyingi huwa nzima. Anzia kwenye vivuko.

Saa za mfumo hazilingani na saa za ukutani

Usifungue msimbo kwanza. Chukua saa iliyoandikwa na mfumo, chukua saa halisi ya tukio, toa. Tofauti yenyewe inataja chanzo.

Mfumo ukiwa nyuma kwa saa 3 kamili, seva iko kwenye UTC, saa ya kimataifa. Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC mwaka mzima, wala hatubadilishi saa kwa msimu. Hapo hakuna kilichoharibika: hifadhi kwa UTC, onyesha kwa saa za hapa. Uharibifu huja pale mtu anapoongeza 3 kwa mkono ndani ya ripoti, kisha mwenzake anaongeza 3 nyingine kwenye skrini, mfumo ukawa mbele. Kuongeza kufanyike mahali pamoja tu. Kwenye MySQL andika `SET time_zone = '+03:00'` kila unapofungua muunganisho. Jina `Africa/Dar_es_Salaam` hufanya kazi tu kama majedwali ya saa yamepakiwa kwenye databesi; yasipopakiwa, `CONVERT_TZ` inarudisha NULL bila kulalamika, na ripoti inatoka tupu.

Tofauti ya saa 2, ambayo mwisho wa Machi hugeuka kuwa saa 1 na mwisho wa Oktoba kurudi 2, ni ya ajabu mpaka ufungue `php.ini` (faili ya mipangilio ya PHP) ya XAMPP, kifurushi cha Apache, MySQL na PHP. Humo `date.timezone` huja imewekwa `Europe/Berlin`, na Wajerumani wanabadilisha saa. Weka `Africa/Dar_es_Salaam`, zima Apache, washa tena.

Tofauti ya saa 6 ni yetu wenyewe. Fomu inauliza "Muda wa kuondoka", karani anaandika 12:00 kwa sababu basi linaondoka saa kumi na mbili alfajiri. Mfumo unaelewa adhuhuri. Abiria anakuja saa sita mchana, basi liko Chalinze. Kumfundisha karani aandike 06:00 hakudumu, maana atasahau siku ya kwanza yenye foleni. Badala ya kisanduku tupu weka orodha ya kuchagua yenye saa zote mbili kwenye mstari mmoja: "Saa 12:00 alfajiri – 06:00". Tiketi nayo ichapishwe hivyo hivyo. Ikiwa tofauti ni saa 12, fomu inatumia AM na PM na mtu amechagua isiyo yake. Orodha ileile inatibu.

Tofauti ikiwa ya miaka, shuka kwenye sehemu ya umeme hapa chini.

Saa ya Kiswahili inakusumbua pia unaposoma logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya mfumo. Dada wa dukani anasema ilitokea saa nane mchana. Kwa saa 24 hiyo ni 14:00, lakini logi ya seva imeandika 11:00. Hesabu ya haraka: saa za mchana za Kiswahili ongeza 3, umepata UTC. Saa za usiku ongeza 15, na ukizidi 24 toa 24. Saa mbili usiku ni 17:00 kwenye logi. Saa kumi usiku ni 01:00.

Hapo kuna mtego wa tarehe. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku wa hapa, UTC bado iko jana. Ripoti ya mauzo inayokusanya kwa `DATE(muda)` bila kubadilisha saa itayapeleka mauzo ya saa saba usiku kwenye siku iliyopita, na mhasibu atasema pesa imepotea. Duka la kawaida halitaona kasoro hiyo hata siku moja. Kituo cha mafuta kitaiona kila asubuhi. Na kwa watu wa pwani kuna la ziada: mzee akisema usiku wa Ijumaa anaweza kuwa anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Kwenye miadi na tiketi andika tarehe. Jina la siku peke yake halitoshi.

Umeme umerudi, kompyuta imewaka, tovuti zote zinakataa

Kivinjari kinasema cheti cha tovuti si salama au muda wake haujafika. Watumiaji wanatolewa nje ya mfumo kila wanapoingia. Watu wengi hukimbilia kulaumu intaneti. Angalia saa ya kompyuta pembeni ya skrini: ikiwa imerudi miaka mingi nyuma, betri ndogo ya ubao mama imekufa. Ni CR2032, ya volti 3, na mafundi wa kompyuta mjini wanayo. Ipime kwa mita. Ikiwa chini ya volti 2.8 hivi, itoe. Ukishabadilisha, lazimisha saa ijirekebishe kwa mtandao: `w32tm /resync` kwenye Windows, na kwenye Linux hakikisha `timedatectl` inaonyesha kwamba saa imelinganishwa.

Kabla ya kuondoka tafuta rekodi zilizoingia wakati saa ilikuwa mbovu. Risiti yenye tarehe ya kabla duka halijafunguliwa ipo mahali fulani humo.

XAMPP: MySQL inawaka sekunde moja kisha inazima

Hii nayo huja na kukatika kwa umeme, hasa kompyuta ya kaunta isiyo na UPS (betri ya dharura). Ujumbe ni `MySQL shutdown unexpectedly`. Mtandaoni kuna ushauri mwingi wa kufuta `ibdata1`. Usiifute. Ndani ya faili hiyo InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi majedwali, inatunza taarifa ambazo bila hizo majedwali hayafunguki, na huo ndio mwisho wa data ya mteja.

Nakili kwanza folda nzima ya `C:\xampp\mysql\data` kwenye diski nyingine. Nzima, kabla ya kugusa chochote. Kisha soma mistari ya mwisho ya `mysql_error.log` iliyo humo humo, kwa sababu dalili hii moja ina vyanzo zaidi ya kimoja na dawa zake hazifanani.

Kama logi inalalamikia mlango 3306 (namba ya mtandao ambayo MySQL hupokelea maombi), kuna MySQL nyingine imeshakaa hapo. `netstat -ano | findstr 3306` itakupa namba ya programu hiyo. Izime kwenye Services. Data yako haijaguswa.

Kama inataja Aria, injini nyingine ya kuhifadhi majedwali, kawaida ni faili za `aria_log` zilizokatwa katikati ya kuandikwa. Hizo, yaani zenye namba mwishoni, zinaweza kufutwa, na ujumbe wenyewe hukuelekeza hivyo. Baada yake endesha `aria_chk -r` kwenye majedwali ya Aria.

Kama inataja InnoDB, ongeza `innodb_force_recovery = 1` kwenye `my.ini`, jaribu kuwasha, panda ngazi moja moja. Ishie 3. Kuanzia 4 unaweza kuharibu data moja kwa moja. Ikiwaka tu, usifurahi ukaanza kuuza: toa nakala kwa `mysqldump`, futa mstari ule, sakinisha upya, rudisha nakala.

Njia ya mwisho ni kubadili jina la `data` liwe `data_zamani`, kunakili folda ya `backup` iliyo pembeni yake na kuiita `data`, kisha kuingiza humo folda za databesi zako pamoja na `ibdata1` kutoka `data_zamani`. Folda za `mysql`, `performance_schema` na `phpmyadmin` ziache zilizo mpya. Watumiaji wa databesi na nywila zao watakuwa wamepotea, watengeneze upya. Hapa pia, jambo la kwanza baada ya kuwaka ni `mysqldump`.

UPS ya 650VA kwa kompyuta ya mezani na skrini inakupa dakika chache tu. Zinatosha kuzima kwa adabu, hazitoshi kuendelea kuuza. Mteja aambiwe hivyo siku ya kununua. Na nakala ya akiba isiyowahi kujaribiwa kurudishwa usiihesabu. Irudishe kwenye kompyuta nyingine mara moja kwa mwezi, uone idadi ya safu inalingana.

Mteja amelipa kwa simu, mfumo unasema hajalipa. Au amekatwa mara mbili

Hizi zinaonekana dalili mbili. Chanzo ni kimoja.

Seva yako imetuma ombi la malipo, imesubiri sekunde 30, haikujibiwa, ikaandika "imeshindikana". Kumbe ombi lilifika, mteja aliweka namba ya siri, pesa ikatoka. Kilichopotea njiani ni jibu. Muuzaji anaona imeshindikana, anabofya tena, na mteja anakatwa mara ya pili. Kosa ni kuuhesabu ukimya kuwa ni kukataliwa. Malipo yana hali tatu: yamekubaliwa, yamekataliwa, na hayajulikani. Mfumo wenye hali mbili utamwibia mtu, suala ni lini tu.

Rekebisha kwa mpangilio huu. Kabla ya kutuma ombi, andika safu kwenye databesi yenye namba ya kumbukumbu mliyoitunga wenyewe na hali INASUBIRI. Namba hiyo iende pamoja na ombi, na muuzaji akibofya tena kwa ankara ileile, itumwe namba ileile, siyo mpya. Kama mtoa huduma wa malipo anaitambua namba iliyojirudia, atakataa ombi la pili. Kama haitambui, mfumo wako ndio umzuie muuzaji kutuma tena mpaka hali ya kwanza ijulikane.

Muda ukiisha bila jibu, hali iwe HAIJULIKANI, na programu ya nyuma iulize kwa mtoa huduma: baada ya dakika 1, kisha 5, kisha 15. Muuzaji aone maneno ya kueleweka: "Tunasubiri uthibitisho, usirudie." Hapo kwenye kaunta ndipo ugomvi unapozaliwa, kwa hiyo sentensi hiyo ina thamani kuliko nusu ya msimbo wako.

Namba ya muamala ya mtoa huduma iwekewe UNIQUE kwenye jedwali, sharti linalokataa thamani iliyojirudia. Ujumbe wa uthibitisho unaweza kuja mara mbili, na wakati mwingine hutangulia hata jibu la ombi lenyewe. Wa pili utagonga UNIQUE. Likamate kosa hilo na ujibu 200 (nimepokea). Ukijibu 500 (hitilafu ya seva), mtoa huduma atadhani hujapokea na ataendelea kutuma.

Kugeuza hali na kupunguza stoo vifanyike ndani ya muamala mmoja wa databesi (vyote vifanikiwe au vyote vifutwe), kwa sharti: `UPDATE malipo SET hali='IMELIPWA' WHERE kumbukumbu=? AND hali<>'IMELIPWA'`. Safu zilizoguswa zikiwa 1, toa risiti. Zikiwa 0, mwingine ameshaitoa, nyamaza.

Kuzima kitufe baada ya kubofya ni vizuri kwa mtumiaji, lakini usikihesabu kuwa kinga. Ukurasa ukipakiwa upya kitufe kinarudi. Wala meseji ya malipo kwenye simu ya mteja isiwe ushahidi. Inaghushiwa kirahisi mno.

Kujaribu, tengeneza mtoa huduma wa bandia anayekubali malipo kisha anakaa kimya sekunde 40 wakati wewe unasubiri 30. Mfumo ukipita hapo bila risiti mbili, umepona.

Jina lenye ng' halihifadhiki, au limehifadhiwa lakini halitafutiki

Majina yenye ritifaa (alama ') yako kila mahali, na kwenye mashamba ya mkonge, ambayo tangu zamani yalichukua vibarua kutoka mikoa ya mbali, ndiko huwezi kuyakwepa kabisa. Ukibandika jina la Ng'ombo ndani ya sentensi ya SQL kwa kuunganisha maandishi, ritifaa inafunga nukuu mapema na databesi inalalamika karibu na `ombo`. Ujumbe huo ni habari mbaya kuliko unavyoonekana: mahali ritifaa inapoweza kuvunja, mtu mwenye nia mbaya anaweza kupitisha amri zake. Tumia maulizo yaliyoandaliwa (prepared statements) yenye `?`. Kuzuia ritifaa kwenye fomu ni kumwambia mtu jina lake ni kosa.

Likishahifadhiwa, linakuja la pili. Kibodi za simu nyingi huandika ritifaa iliyopinda, U+2019, wakati ile ya kompyuta ni U+0027. Kwa macho ni jina moja, kwa databesi ni mawili, na mfanyakazi mmoja anasajiliwa mara mbili na kuingia mara mbili kwenye orodha ya mishahara. Geuza zote, pamoja na U+02BC, ziwe U+0027 unapohifadhi na unapotafuta. Ukiona `Ngâ€™ombo` kwenye risiti, ni ile iliyopinda imesomwa kwa usimbaji usio wake: weka `utf8mb4` kwenye jedwali, kwenye muunganisho, na kwenye ukurasa. Sehemu moja ikibaki nyuma, takataka zinarudi.

Meseji hazifiki kwa nusu ya wanachama

Orodha imepitia Excel. Namba 0713… imekuwa 713…, na 255713… imekuwa `2.55713E+11`. Ya kwanza inaokoleka. Ya pili, ikiwa imehifadhiwa CSV kwa sura hiyo, tarakimu zimekwenda. Rudi kwenye chanzo. Namba za simu ni maandishi, ziwe VARCHAR, na safuwima hiyo kwenye Excel iwekwe Text kabla ya kubandika. Unapopokea, ondoa nafasi na alama, chukua tarakimu 9 za mwisho, hakikisha zinaanza na 6 au 7, tanguliza 255. Zikianza na 2, huenda ni simu ya mezani, ya Tanga huanza na 027, na meseji haitafika.

Jumla ya mwaka imegota kwenye 2,147,483,647

Safuwima ni INT ya kawaida (namba kamili ya biti 32), na huo ndio mwisho wake. Kwa dola ungekaa miaka bila kuifikia. Kwa shilingi, msambazaji wa vifaa vya ujenzi anaivuka mapema. Tumia BIGINT au DECIMAL. Float, inayohifadhi desimali kwa kukadiria, usiiguse kwa pesa.

Tofauti ya shilingi moja moja ni jambo jingine. Kodi ya asilimia 18 iliyomo ndani ya bei ya 10,000 ni 10,000 × 18 ÷ 118, yaani 1,525.42. Ukikadiria kila bidhaa kwanza, tatu zinakupa 4,575. Ukikokotoa kwenye jumla ya 30,000 unapata 4,576. Chagua njia moja na uitumie kwenye risiti, ripoti na stakabadhi ya kodi. Kiwango chenyewe kikae kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza, kisiandikwe ndani ya msimbo.

Kwenye laptopu inafanya kazi, kwenye seva hapana

Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili; Linux inajali. `Mteja.php` na `mteja.php` huko ni faili mbili, na majedwali ya MySQL hufuata tabia hiyo. Andika yote kwa herufi ndogo. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, kwenye Windows nayo hupuuza mabadiliko ya ukubwa wa herufi peke yake, kwa hiyo badilisha kwa hatua mbili: `git mv Mteja.php tmp.php`, kisha `git mv tmp.php mteja.php`. Hilo lisipotibu, linganisha matoleo ya PHP, kisha ruhusa za folda ya kupakia picha.

Bando limeisha kabla ya kazi kuanza

`git clone --depth 1` ukihitaji msimbo bila historia. `npm ci --prefer-offline` ili vilivyo kwenye kache visishushwe tena. Na zuia masasisho mengi ya Windows kwa kuiweka Wi-Fi ya simu kuwa `Metered` (intaneti yenye kipimo).

Jana ilikuwa inafanya kazi, leo hapana

Usikisie. `git bisect` hutafuta badiliko lililoharibu kwa kuigawa historia nusu kwa nusu: `git bisect start`, taja toleo bovu na toleo zima, jaribu, jibu `good` au `bad`. Komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) 1,000 zinahitaji majaribio 10 tu. Inashindwa pale komiti moja ilipobeba mambo saba, na hapo utajua kwa nini wakali wa komiti ndogo wanasumbua watu.

Bisect ikirudi mikono mitupu, kilichobadilika si msimbo wako: ni maktaba iliyojisasisha, cheti kilichoisha, diski iliyojaa. `df -h`, inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski, ni amri ya sekunde moja. Iendeshe kwanza.

Inatokea kwa mteja tu, tena mara moja moja

Hapa logi ndiyo shahidi pekee, na logi nyingi hazifai kwa sababu zinaandika "hitilafu imetokea" na kuishia hapo. Kila mstari uwe na muda kwa UTC, jina la mtumiaji, namba ya ombi inayofuata tukio kutoka kwenye kivinjari hadi databesi, toleo la programu, na ujumbe kamili. Nywila na namba za siri zisiandikwe humo. Namba ya ombi ionyeshwe pia kwenye skrini ya hitilafu, fupi, herufi sita hivi, ili mama wa dukani aweze kukusomea kwa simu: "Imeandika K7M2QD." Epuka O na sifuri, I na moja, kwa simu hazitofautishiki. Zungusha faili kwa `logrotate` ziwe za siku 30, la sivyo logi yenyewe ndiyo itakayoijaza diski.